Alama ya Fundi

Jina la mtu, likiandikwa kwa mkono wake mwenyewe chini ya waraka, huitwa katika Kiswahili sahihi. Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni jambo la kweli, lililo sawa, lisilo na shaka. Hesabu isiyo na kosa ni sahihi; habari iliyothibitishwa ni sahihi; na jina la mtu chini ya hati yake ni sahihi vile vile. Huenda wale waliokubali neno moja libebe mizigo yote hii hawakukusudia kutufunza kitu, lakini funzo limo. Atiaye sahihi hasemi tu, Ni mimi. Asema, Ni mimi, na haya ni kweli.

Neno hili lina ndugu zake, na kila mmoja ana tabia yake. Chapa, neno lililotujia kutoka India, ni alama ya mwenye mali: ng'ombe hupigwa chapa ya moto ili mwizi ajulikane na mwenyewe asidhulumiwe. Muhuri, wenye asili ya Kiajemi, ni alama ya mwenye amri: barua isiyo na muhuri ni maneno, yenye muhuri ni hukumu. Nembo ilikuwa zamani alama iliyochanjwa katika ngozi ili mtu ajulikane ukoo wake. Wamakonde huziita chale zao za asili dinembo, na barakoa zao za mapiko huchongwa na chale hizo hizo usoni. Basi chapa husema, Hiki ni changu. Muhuri husema, Hili nimeliamuru. Nembo husema, Mimi ni wa watu fulani. Na sahihi husema, Hili ni kweli. Nataka kuzungumza hapa juu ya ile alama ndogo ya herufi zilizosukwa pamoja ambayo fundi huitia katika pembe ya kazi ya mkono wake, na ambayo watu wa Ulaya huiita monogramu. Swali langu ni moja: kati ya sauti hizo nne, fundi aseme kwa sauti ipi?

Kwangu swali hili si la kupitishia wakati. Kwa miaka mingi, saa zinazobaki baada ya kufundisha, nimekuwa nikichonga vibao vya mfenesi na kuvichapa juu ya karatasi. Picha huchorwa juu ya kibao. Sehemu zinazotakiwa kubaki nyeupe huondolewa kwa kisu na patasi. Zilizobaki zimeinuka hupakwa wino. Kisha karatasi hulazwa juu yake na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko. Nachonga majahazi ya Tanga, wanawake wa sokoni, mibuyu, na wazee wanaocheza bao. Kazi hizi huuzwa kwa bei ndogo, hutoka mikononi mwangu na kwenda nisikokujua. Karatasi ikishaondoka haina mdomo wa kusema ilitoka kwa nani, isipokuwa imepewa mdomo huo na aliyeitengeneza.

Katika ukoo wetu haja hii ilikuwako kabla yangu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa msukaji wa mikeka ya ukindu. Hakujua kuandika herufi za Kiarabu wala za Kirumi, lakini alikuwa na sahihi yake. Katika ukili wa mwisho, ule unaoshonwa ukingoni, alipitisha ukindu mweusi uliopanda na kushuka, ukapanda na kushuka tena, kisha ukakoma. Nyuzi hizo za kupanda na kushuka hazikuzidi upana wa vidole vinne. Majirani wote waliijua alama ile. Mkeka wake ulipoazimwa kwa ajili ya arusi au matanga, haukupata kurudi katika nyumba isiyo yake. Lakini mikeka aliyoiuza mjini ilisomwa na watu wasiojua kuisoma alama hiyo, na kwao ilikuwa pambo tu, au pengine kasoro ya rangi. Hapo nilijifunza kwamba kila alama ina wasomaji wa namna mbili: wamjuao fundi na wasiomjua. Wa kwanza hutosheka na ishara. Wa pili huhitaji herufi.

Aliyenipinga katika jambo hili alikuwa mjomba wangu, seremala wa milango ya nakshi, mtu ambaye mkono wake ulikuwa hodari kuliko wangu mara nyingi. Nilimwendea siku moja karakanani, nikamwamkia na kumwuliza kwa nini hakutia jina lake katika milango aliyoichonga.

“Mpwa wangu,” alijibu, naye hakuondoa macho katika kazi, “mlango una kazi tatu: kufunga, kufungua, na kumpa heshima aliye ndani. Mimi simo ndani. Niandikwe kwa nini?”

Nilimwambia kwamba watu wa baadaye hawatajua ni nani aliyeifanya kazi njema kama ile. Akacheka, akapuliza vumbi la mti lililokuwa juu ya juba yake, akasema, “Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.”

Maneno haya yalikuwa na adabu ndani yake, na adabu haijibiwi kwa haraka. Ni kweli kwamba majina mengine hutangulia mbele ya kazi kama mpiga mbiu aendaye mbele ya sultani asiyekuwako. Ni kweli vile vile kwamba fundi aliyejisahau katika kazi yake aghalabu hufanya vizuri kuliko yule ajitazamaye katika kioo. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikisimama mbele ya milango ya kale kila niipatapo, Zanzibar, Pangani na Bagamoyo, nikisoma maandishi ya vizingiti. Nimeona aya, nimeona mwaka wa Hijra, na mara moja moja nimeona jina la mwenye nyumba. Jina la seremala sijaliona. Mjomba amekwisha kufariki. Milango yake naijua mitatu. Ndugu yangu anaijua miwili zaidi. Watoto wetu hawaujui hata mmoja. Chema kilijiuza kweli kweli, lakini kilipojiuza hakikusema habari za aliyekifanya, na katika majumba ya makumbusho kazi za watu kama yeye husimama juu ya kibandiko kisemacho kwamba fundi wake hajulikani. Maneno hayo hayasemi kwamba fundi hakuwa na jina. Husema kwamba hakuna aliyeliuliza kwa wakati.

Jibu la hoja ya mjomba wangu nililipata kwa washairi wetu. Watunzi wengi wa tenzi walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za mwisho: mtunzi hutoa jina lake, pengine na mji wake, idadi ya beti alizotunga, na mwaka. Lakini angalia mahali jina lilipowekwa na maneno yaliyolizunguka. Halikuwekwa juu, mahali pa kupokea sifa. Liliwekwa chini, na pamoja nalo mtunzi aliomba radhi kwa kasoro zitakazoonekana, akaomba na dua. Kuhesabu beti nako kulikuwa na faida: mnakili asingeweza kupunguza wala kuzidisha pasipo kujulikana. Jina lile halikuwa majivuno. Lilikuwa mtu aliyesimama mlangoni mwa kazi yake na kusema, Aliye na lawama, mimi nipo. Laiti ningaliyajua haya siku ile karakanani, ningalimwambia mjomba kwamba asiyemo ndani ya nyumba aweza kuwamo ndani ya mlango.

Kwa mafundi wa picha zinazochapwa, mfano mashuhuri kuliko yote uko mbali na pwani yetu, katika mji wa Nuremberg, Ujerumani. Albrecht Dürer alizaliwa huko mwaka 1471 na kufariki mwaka 1528. Baba yake alikuwa mfua dhahabu, naye mwenyewe alianza kujifunza kazi hiyo kabla ya kupelekwa kwa mchoraji mwaka 1486. Nasaba hii ina maana katika habari yetu, kwa kuwa wafua dhahabu wa Ulaya waliwatangulia wachoraji katika desturi ya alama. Katika Uingereza sheria ya mwaka 1363 ilimtaka kila mfua dhahabu awe na alama yake mwenyewe. Sababu haikuwa kumsifu fundi. Dhahabu huweza kuchanganywa na madini duni, na jicho la mnunuzi haliwezi kuona ndani. Alama ilikuwa ni ya kumtafutia aliyedanganya. Martin Schongauer, mchongaji wa picha za shaba aliyefariki mwaka 1491, alikuwa mwana wa mfua dhahabu pia, na chini ya picha zake aliweka M na S. Herufi hizo ndizo zangu kwa kupinduliwa, nami nilipoziona mara ya kwanza nilihisi nimekutana na somo wangu.

Dürer alichukua A kubwa yenye miguu iliyopanuka, akaiweka D ndogo chini yake, kati ya miguu. Hapana kilichozidi. Mtoto aweza kuichora baada ya kuiona mara moja, na imekwisha kupita miaka 500 pasipo kusahauliwa. Ukoo wake ulitoka Hungaria, mahali paitwapo Ajtós, jina lenye neno la Kihungari la mlango, na jina la Dürer ni tafsiri yake katika Kijerumani. Katika ngao ya ukoo, aliyoichapa kwa kibao cha mti mwaka 1523, kuna mlango ulio wazi. Wako waionao ile A kuwa ni mlango huo huo, na D imesimama kizingitini. Nilipoisoma habari hii nilimkumbuka mjomba.

Alama ile haikukaa kwa amani. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji, asimulia katika toleo la mwaka 1568 kwamba Marcantonio Raimondi aliziiga picha za Dürer huko Italia pamoja na alama yake, na kwamba Dürer alikwenda kushtaki Venice. Alichopata ni amri ya kumkataza mwigaji yule kutumia alama. Wanazuoni huisoma simulizi hiyo kwa hadhari, lakini kumbukumbu za baraza la mji wa Nuremberg za mwaka 1512 zaonyesha jambo la namna hiyo hiyo. Mgeni mmoja alikuwa akiuza karibu na jumba la baraza picha zenye alama ya Dürer iliyoghushiwa, akaamriwa aziondoe alama hizo, na akikataa, picha zake zichukuliwe. Pima hukumu hiyo, msomaji. Kilichokatazwa hakikuwa picha, kilikuwa alama. Wazee wale wa mji waliona kwamba kumwiga fundi ni jambo moja, na kusema uongo kwa kinywa chake ni jambo jingine. Sheria za wakati wetu zimekwenda mbele zaidi: Mkataba wa Berne, uliporekebishwa Rome mwaka 1928, uliingiza haki ya mtunzi kutambuliwa kuwa mwenye kazi yake, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inayo haki hiyo pia. Lakini mzizi wa mti wote huu ni ule ule: jina lisilotiwa na mwenyewe, au lililofutwa bila idhini yake, ni uongo.

Sasa niseme jinsi nilivyoitunga alama yangu, maana kazi hii ina mashaka yake, na mwanafunzi anayeanza aweza kupata faida. Jina langu huanza kwa S, na la baba yangu kwa M. Desturi yetu ya kuita mtu fulani bin fulani imekwisha kuamua ni herufi zipi ziwemo. Kilichobaki ni kuzikutanisha.

Kwanza nilizijaribu herufi za Kiarabu, kwa heshima ya babu zangu walioandika kwazo. Mwandiko ule umezaliwa kwa kuunganishwa, na masultani wa Uturuki waliufikisha kileleni katika tughra zao, ambazo zilikusanya jina la sultani na la baba yake katika umbo moja kama jahazi lililotweka. Nikaandika sini, nikaiunganisha na mimu. Umbo lilikuwa zuri. Nikamwonyesha mwalimu mmoja wa madrasa, akalitazama, akatabasamu, akauliza, “Mwalimu, wauza sumu siku hizi?” Hakika sini na mimu zikikaa pamoja husomeka hivyo, nami sikutaka mnunuzi akute onyo la duka la dawa katika pembe ya jahazi langu. Nikarudi katika herufi za Kirumi.

Huko nako kuna mtego wa kibao. Kila kinachochapwa hugeuka: cha kulia huja kushoto, na cha kushoto kulia. Herufi kama A, H, M, O, T, U na V hazina habari na mgeuko huo, kwa kuwa pande zao mbili ni sawa. Lakini D, S na R hazistahimili. Hapana budi zichongwe kinyume ili zisomeke sawa. Katika picha moja ya Dürer ya karibu mwaka 1500, yenye mchawi aliyepanda mbuzi kinyumenyume, ile D imegeuka, na wengi huamini kwamba aliigeuza makusudi, kwa kuwa katika ulimwengu wa mchawi kila kitu huenda kinyume. M yangu, basi, ilikuwa salama pande zote. S ilitaka uangalifu.

Nilichora namna nyingi katika daftari. Nyingine zilikuwa na mikia na maua, zikapendeza kwa kalamu. Lakini kisu si kalamu. Mstari mwembamba kuliko unyuzi wa mti hauishi: huvunjika baada ya karatasi tano au sita. Na tundu lililo dogo mno hujaa wino, likawa doa. Mti wenyewe ukawa mwalimu, ukakataa kila kilichozidi. Nilipokwisha kupunguza na kupunguza tena, ilibaki M yenye pembe kali, imepanda na kushuka, imepanda na kushuka tena. Nikaweka kalamu chini. Ulikuwa ukindu mweusi wa bibi yangu. Baba yangu na mama yake walikuwa wamekutana katika mstari mmoja, wala sikuwaita. Chini ya mstari huo niliiweka S ndogo, kama mtu aliyejikinga mvua chini ya paa la wazee wake.

Kisha niliipima kwa mambo manne, na mambo haya nayatoa kwa yeyote ayatakaye. La kwanza ni udogo: alama ikichongwa kwa ukubwa wa punje ya mahindi, je, yasomeka? La pili ni uvumilivu: ikichapwa mara hamsini, je, ya hamsini yafanana na ya kwanza? La tatu ni utambulisho: nilimpa mtoto asiyejua kusoma karatasi yenye alama kumi za namna mbalimbali, nikamtaka anitafutie ile niliyomwonyesha jana, akaigusa pasipo kusita. La nne, nalo ni kubwa kuliko yote, ni unyamavu: mtu akiitazama picha kwa mara ya kwanza, aione picha, alama aione baadaye. Alama inayoita jicho kabla ya kazi imekwisha kuwa kazi yenyewe, na majivuno aliyoyaogopa mjomba wangu yamekwisha kuingia. Dürer, katika picha yake ya Adamu na Hawa ya mwaka 1504, aliandika jina lake juu ya kibao kidogo kilichoning'inia katika tawi, hata likawa sehemu ya bustani. Mimi huiweka alama yangu katika jiwe, au katika kiraka cha tanga, au chini ya kigoda cha mcheza bao.

Wengine wamechagua njia nyingine, nazo ni halali. James McNeill Whistler, Mmarekani aliyeishi London, alizigeuza herufi za jina lake hata zikawa kipepeo. Henri de Toulouse-Lautrec wa Ufaransa alizifunga herufi zake tatu katika duara kwa kufuata mihuri ya Kijapani. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, hakutafuta fumbo lo lote. Alitia jina lake wazi. Jina hilo limepata ajali ya ajabu: limekuwa jina la mtindo mzima, na wachoraji waliomfuata huandika majina yao wenyewe juu ya picha ambazo dunia huziita kwa jina lake. Picha za bandia zenye jina lake zimeuzwa pia. Basi jina laweza kuwa shamba la wengi, na laweza kuwa shimo la mwizi. Lakini katika hali zote mbili ni kwa sababu palikuwa na mtu mmoja aliyeliandika kwa kweli.

Hatari iliyo karibu zaidi na sisi, hata hivyo, si mwizi aigaye alama. Ni mfanyabiashara asiyetaka alama iwepo, au atakaye yake peke yake. Fikiri habari za kanga. Kila mwanamke wa pwani ajua kwamba kanga ina pindo, ina mji, na ina maneno yake, nayo maneno hayo huitwa jina. Kanga mashuhuri za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zilikuwa na chapa ya herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Chapa hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa mwenye duka alidhamini nguo yake. Lakini aliyelichora pindo hakuandikwa. Nguo ina jina, mwenye mali ana jina, na mkono uliochora hauna.

Mimi nilikutana na jambo hili kwa umbo kali zaidi. Alinijia mfanyabiashara mmoja auzaye vitu kwa watalii, akazitazama karatasi zangu kwa ujuzi, akazisifu, akasema atachukua sitini kwa mara moja na kulipa nusu siku hiyo hiyo. Kisha akaweka kidole pembeni. “Ila Mwalimu, hiki kidudu kitoe,” alisema. “Wageni wanataka vitu vya kale. Mimi nitazifukiza moshi kidogo, nao watajisemea wenyewe.”

Ulikuwa mwezi wa kulipa ada ya binti yetu chuoni, na fedha zile zingetosha na kubaki. Nilimwomba siku mbili. Usiku nilimweleza mke wangu, naye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole, “Baba watoto, ada hailipwi kwa herufi.” Sikuwa na jibu, kwa kuwa ni kweli hailipwi. Nilitoka nikakaa barazani. Nilijiuliza kama ningekuwa na haki ya kumnyima mtoto chakula cha akili kwa ajili ya alama ya ukubwa wa punje ya mahindi. Kama alama ile ingekuwa chapa tu, ningeiondoa: mwenye mali aweza kuiuza mali yake, na chapa ikaenda pamoja nayo. Kama ingekuwa muhuri, ningeiondoa pia, maana mwenye amri aweza kuitangua amri yake. Hata nembo ningeweza kuificha, kwa kuwa ukoo haufi kwa kufunikwa. Lakini ilikuwa sahihi. Kuiondoa ili mnunuzi adhani picha ya mwaka huu ni ya karne iliyopita kulikuwa ni kumwambia uongo kwa mkono ule ule niliouzoeza kusema kweli. Siku ya pili nilimwambia mfanyabiashara kwamba picha zipo, pamoja na alama yake. Aliaga kwa adabu, wala hakurudi.

Sitaki msomaji adhani kwamba baada ya hapo ilishuka neema. Ada ililipwa kwa mafungu matatu, na la tatu lilichelewa. Lakini jioni moja mke wangu, ambaye husuka makawa na kuyapeleka kwa wachuuzi sokoni, aliniuliza pasipo kunitazama, “Na makawa yangu je, nani ajua kuwa ni yangu?” Tukakaa mpaka usiku, yeye akijaribu na mimi nikitazama. Alikataa herufi zote nilizompendekezea. Alisema herufi zangu zanuka chaki. Mwishowe alichagua mishono mitatu myeusi chini ya kishikio cha kawa, mmoja kwa kila mtoto. Sasa wako wanawake wafikao sokoni wakiuliza kawa la mishono mitatu, na ikitokea kawa limefumuka kabla ya wakati wake, wajua mlango wa kubisha.

Kijana anayeanza kazi ya mkono, iwe kuchonga, kusuka, kufinyanga au kuchora, huniuliza mara nyingine alama yake aitie lini, naye akidhani nitamjibu: utakapokuwa hodari. Mimi humwambia aanze leo, katika kazi yake iliyo duni kuliko zote. Aitunge iwe ndogo, nyepesi kwa chombo chake, isiyobadilika, na isiyopiga kelele. Asitie alama katika kitu ambacho hangependa kirudishwe mbele yake, na kila alichokitia asikikane. Akifanya hivyo miaka kumi, alama yenyewe itakuwa imemfunza kazi, kwa kuwa ni vigumu kulipua kazi ambayo dakika chache zijazo utaiambia dunia kuwa ni yako.